UZI: Ukitua Milano usikimbilie Venice. Lombardia ina milima, maziwa na miji ya kale ya kukutosha wiki nzima

Mpanda Treni (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu.

Naishi huku Lombardia, mkoa wa kaskazini mwa Italia wenye mji wa Milano, upande wa Bergamo, kwa kazi za ghala. Ikifika likizo simu hazikatiki. Mara binamu anatua Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, mara rafiki wa rafiki yuko Ujerumani anataka "kuiona Italia". Wote wanakuja na ratiba ileile: asubuhi picha mbele ya kanisa kuu la Milano, mchana dukani, jioni treni ya Venice. Kisha wanaenda kusimulia nyumbani kwamba Milano ni maduka na foleni tu. Nimechoka kubishana kwa simu. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia kiungo.

Hoja yangu: mkoa huu ufuateni kwa maji. Juu kabisa kuna milima ya Alpi. Theluji yake inayeyuka na kujaza maziwa marefu membamba yaliyochimbwa na barafu zamani sana. Kila ziwa linamwaga mto wake: Maggiore linatoa Ticino, Como linatoa Adda, Iseo linatoa Oglio, Garda linatoa Mincio. Mito hiyo inashuka kunywesha uwanda wa mto Po, wenye mpunga na mahindi, na huko ndiko miji ilikonenepa. Karibu kila hatua ya safari hiyo ina reli. Huhitaji gari, wala huhitaji kulala Milano.

Nianze na hilo kanisa kuu mnalopigia picha, Duomo. Lilianza kujengwa mwaka 1386, na lango lake la mwisho liliwekwa 1965. Sasa, Milano iko katikati ya tambarare, haina jiwe. Marumaru yote ilitoka Candoglia, machimbo yaliyo mkoa jirani wa Piemonte, ikapakiwa kwenye mashua, ikavuka Ziwa Maggiore, ikashuka Ticino, ikaingia Naviglio Grande, mfereji wa kilomita kama 50 ulioanza kuchimbwa 1177. Mashua zilifika hadi karibu kabisa na eneo la ujenzi. Hadi leo kuna mtaa unaitwa Via Laghetto, yaani pale palipokuwa na kijiziwa cha kushushia mawe. Mjini wamefukia sehemu kubwa ya mifereji, lakini Naviglio Grande na bandari yake ya Darsena vipo, na jioni vijana wamejaa kando yake na bilauri zao. Wengi wanadhani ni mahali pa vinywaji tu. Kanisa lote lile lilipita hapo.

Kwa hiyo Milano mpe siku moja na nusu. Panda juu ya paa la Duomo (lifti ipo, ngazi ni nafuu zaidi), utembee katikati ya ile minara ya mawe. Siku ya anga safi baada ya mvua au upepo, Alpi zinaonekana kutoka hapo. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanakagua mlangoni. Mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci uko Santa Maria delle Grazie, ukutani mwa ukumbi wa kulia chakula wa watawa. Aliuchora kati ya 1495 na 1498, na hakutumia njia ya kawaida ya kupaka rangi kwenye lipu mbichi, akapaka kwenye ukuta mkavu, ndiyo maana ulianza kubanduka mapema. Agosti 1943 bomu lilibomoa ukumbi huo, ukuta ukanusurika kwa sababu ulikuwa umekingwa kwa mifuko ya mchanga. Mnaingia kikundi kidogo kwa dakika 15 tu. Tiketi zinaisha wiki nyingi kabla, na Jumatatu pamefungwa. Usije ukasimama mlangoni ukidhani utabembeleza, hapa hawabembelezeki.

Baada ya hapo ondoka. Lala Bergamo, Lecco au Brescia, halafu kila asubuhi chukua treni uende unakotaka na jioni urudi kitandani kwako. Kubeba mabegi kila siku kutoka hoteli hadi hoteli ni adhabu ya kujitakia.

Bergamo ni kama dakika 50 kwa treni kutoka Milano. Kuna mji wa chini wa kisasa na mji wa juu, Città Alta, juu ya kilima, umezungushiwa kuta za zaidi ya kilomita sita. Venice ndiyo iliyoitawala Bergamo kutoka 1428 hadi 1797, na 1561 ikaanza kujenga kuta hizo ikabomoa nyumba na makanisa ya watu kupisha mradi. Wenyeji walilia, na kuta zenyewe hazikuja kupigwa vita. Leo ziko kwenye orodha ya UNESCO na watu wanazitumia kutazama machweo. Unapanda kwa kibehewa cha kuvutwa kwa kamba kilichopo tangu 1887. Saa nne usiku kengele kubwa inagonga mara 100, ukumbusho wa kufungwa kwa malango. Kama una usingizi mwepesi usichukue chumba karibu na ule mnara.

Neno dogo kuhusu Bergamo: Machi 2020 ndiko malori ya jeshi yalikobeba majeneza usiku kwa sababu mji ulizidiwa na corona. Watu hapa bado wana majina ya wazee wao midomoni. Msifanyie hilo utani mkiwa baa.

Maziwa na milima naendelea kwenye komenti, maana nikiweka vyote hapa hamtasoma.

Shemeji wa Ujiji

Mkuu tiririka, tupo. Hilo ziwa Como wanalolipamba sana lina kina gani? Sisi tuliozaliwa kando ya Tanganyika hatutishiki na bwawa.

Na la pili, la maana zaidi: viza. Mtu akiwa Dar anaanzia wapi?

Mpanda Treni

Hahaha, shemeji. Como lina mita zaidi ya 400, na kwa kuwa uso wake uko mita 198 tu juu ya bahari, sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Kwa Ulaya hiyo ni habari. Kwa mtu wa Ujiji mwenye ziwa la mita 1,470 najua umeshacheka.

Viza ni ya Schengen. Unaomba ubalozi wa Italia kama Italia ndiko utakakokaa siku nyingi zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Unaruhusiwa kuwasilisha kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Hiyo ya siku 15 isahau, msimu wa joto miadi yenyewe kuipata ni kazi. Taarifa ya benki iwe ya kawaida yako. Fedha nyingi zilizoingia juzi kwa mkupuo mmoja zinazaa maswali kuliko kusaidia.

Haya, maziwa. Como lina umbo la Y iliyopinduliwa. Wengi wanashukia mji wa Como wenyewe, mzuri, ndiko alikozaliwa Alessandro Volta 1745, yule wa betri, ambaye jina lake liko kwenye kila balbu. Lakini ushauri wangu: kutoka Milano Centrale panda treni ya kwenda Tirano, ushuke Varenna, saa moja hivi. Kaa upande wa kushoto wa behewa, kuanzia Lecco ziwa linakuwa dirishani kwako. Varenna ni kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kutoka hapo kivuko kinakwenda Bellagio, pale miguu ya Y inapokutana, na Menaggio ng'ambo. Tiketi ya kivuko nunua asubuhi. Julai na Agosti foleni ya Bellagio inakula nusu siku, na bei za vyumba kule zitakufanya ukumbuke shamba ulilokataa kununua.

Ndiyo maana wanaokuja kwangu nawapeleka Iseo. Unakwenda Brescia, unabadili treni ndogo ya Edolo, unashuka Sulzano, na kivuko cha dakika chache kinakufikisha Monte Isola. Ni kisiwa chenye mlima katikati ya ziwa, hakuna magari binafsi, wenyeji wanatumia pikipiki, wageni mnatembea au mnakodi baiskeli. Kuzunguka chini ni kilomita kama tisa. Kuna watu bado wanasuka nyavu, na samaki wa ziwani wanaanikwa juani kwenye fremu za mbao kama dagaa wa Kigoma, shemeji utajisikia nyumbani. 2016 msanii Christo aliweka njia ya kitambaa cha manjano inayoelea kutoka Sulzano hadi kisiwani, ikakaa siku 16, watu wakafurika. Baada ya hapo utulivu ukarudi.

Treni hiyohiyo ukiendelea nayo inapanda bonde la Camonica hadi Capo di Ponte. Huko kuna miamba yenye michoro iliyochongwa na watu wa kale kwa maelfu ya miaka: kulungu, mashujaa, majembe, nyumba. Ndiyo sehemu ya kwanza ya Italia kuingia UNESCO, 1979, kabla ya Roma na Venice. Na siku nyingi unaikuta haina watu. Kama umewahi kuona michoro ya Kondoa, hapa utatumia mchana mzima bila kuangalia saa.

Binti Kisauni

Shukran sana kaka kwa mada. Mimi niko Mombasa, nataraji kuja na mume wangu na mama mkwe inshallah. Wasiwasi wangu ni chakula. Nguruwe na mvinyo tutaviepuka vipi? Na mama mkwe magoti yanamsumbua, milima hiyo ataiweza?

Mpanda Treni

Karibu dada, na msalimie mama.

Chakula kwanza. Milano ina Wamisri wengi na jamii nyingine za Waislamu. Maeneo ya Via Padova na Viale Monza utaona bucha na migahawa ya halali bila kutafuta sana, Brescia vilevile. Kwenye mikahawa ya kienyeji, taabu si nyama ya nguruwe inayoonekana, taabu ni iliyofichwa. Wali wa njano wa Milano, risotto ya zafarani, kwa asili unapikwa na uboho wa mfupa na mara nyingi wanatia mvinyo. Casoncelli za Bergamo, tambi za kujazwa, zina nguruwe ndani na juu. Bresaola ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, ila mnyama hakuchinjwa kwa taratibu zenu isipokuwa pakiti iseme hivyo.

Vya kula kwa amani: pizzoccheri za bonde la Valtellina, tambi pana nyeusi na viazi, kabichi na jibini. Tortelli za Mantova zilizojazwa boga, tamu, zinakuja na siagi. Na polenta. Dada, polenta ni ugali, tena wa mahindi, unasongwa kwenye sufuria ya shaba. Ile ya kuchanganywa na siagi na jibini, taragna, mama mkwe ataomba aongezewe. Muulize mhudumu kama wametia nyama au lardo, yaani mafuta ya nguruwe.

Mtaona kwenye bili neno coperto, ni malipo ya kiti na mkate, si wizi. Kahawa ya kusimama kaunta ni bei nafuu kuliko ya kukaa mezani.

Magoti ya mama: Duomo lina lifti, Bergamo ina kile kibehewa. Varenna ina ngazi na mawe ya kuteleza, hapo mtafutieni benchi kando ya ziwa. Lakini zawadi yake kubwa itakuwa treni nyekundu ya Bernina kutoka Tirano hadi St. Moritz, Uswisi. Anakaa, anatazama, basi. Inaanzia mita 429 na kupanda hadi 2,253 kituo cha Ospizio Bernina, bila meno ya kushika reli. Pale Brusio inazunguka juu ya daraja la mviringo na reli inapita chini ya daraja hilohilo. Njia ilikamilika 1910. Si lazima kulipia yale mabehewa ya dirisha la paa: treni ya kawaida inapita reli ileile, haihitaji kuweka nafasi, na baadhi ya madirisha yanafunguka, kwa hiyo picha hazina vivuli vya kioo. Viza ya Schengen inafaa Uswisi pia, mbebe pasipoti. Ila zimeni data za simu mkivuka, kifurushi cha Umoja wa Ulaya mara nyingi hakiihesabu Uswisi, na bili yake ni ya kusimuliwa.

Fundi Gereji

Treni treni treni. Mkuu sisi wengine tunataka usukani. Nakodi gari Malpensa, napanda barabara ya mlimani ya Stelvio, nashuka Garda. Tatizo liko wapi?

Mbongo wa Brescia

Naomba nimjibu Fundi, maana mimi nina gari huku.

Stelvio ni tamu, siwezi kukudanganya. Mita 2,757, barabara iliyojengwa 1820 hadi 1825 na mhandisi Carlo Donegani enzi za Waaustria, kona kali 48 kwa upande wa kaskazini. Ukitokea Bormio unapanda upande wa Lombardia. Lakini inafungwa kwa theluji kuanzia vuli hadi mwishoni mwa Mei au Juni, na wikiendi ya kiangazi kuna pikipiki na baiskeli nyingi kuliko hewa. Nenda asubuhi mapema siku ya kazi.

Tatizo si mlima, tatizo ni miji. Katikati ya miji ya kale kuna eneo la ZTL, magari ya wasiosajiliwa hayaruhusiwi kwa saa fulani. Hakuna geti, hakuna askari, kuna kamera tu. Unapita unatabasamu, na miezi kadhaa baadaye faini inakufuata kwako, pamoja na ada ya kampuni ya kukodisha kwa kutoa jina lako. Milano ina Area C juu yake, eneo la katikati ambalo gari linalipia kuingia. Egesha nje, ingia kwa miguu au metro. Na leseni ya Tanzania iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva.

Mleta mada, umeiruka miji ya uwandani kama vile haipo! Brescia ina hekalu la Kirumi la mwaka 73 katikati ya mji na monasteri ya Santa Giulia ya Walombardi, wale waliouachia mkoa jina. Mantova je? Mto Mincio ulizuiwa karne ya 12 ukafanya maziwa yanayoukumbatia mji pande tatu. Ukoo wa Gonzaga ulitawala humo. Andrea Mantegna aliwachorea chumba, akakimaliza 1474, na darini akachora tundu la anga ambalo watoto wanakuchungulia kutoka juu. Ukilala chali pale walinzi wanakufukuza, lakini shingo itakuuma kwa raha. Kiangazi maziwa yanajaa maua makubwa ya mlotasi, mnapanda mashua katikati yake.

Mpanda Treni

Nakubali, nilikuwa nimeelekea milimani. Niongeze Cremona, iko njiani, treni ya Milano kwenda Mantova inasimama hapo. Mji wa fidla: Amati, Guarneri, Stradivari aliyefariki 1737. Hadi leo karakana za mafundi ni zaidi ya 100, na ukipita vichochoroni unaona kupitia dirishani mtu anakwangua ubao wa msonobari taratibu. Makumbusho ya fidla yalifunguliwa 2013, na siku maalumu mpiga fidla anakipiga chombo cha kale ukumbini. Hata kama muziki huo si wako, nunua tiketi.

Mama Parokia

Wanangu, Mungu awabariki. Mimi niko Kitale. Mapadre wa Comboni nawafahamu tangu utoto. Nasikia mtakatifu wao alizaliwa huko maziwani. Kuna namna ya kufika kwake bila kusumbuka?

Mpanda Treni

Shikamoo mama. Ndiyo, Daniele Comboni alizaliwa Limone sul Garda tarehe 15 Machi 1831, akafariki Khartoum 1881, akatangazwa mtakatifu 2003. Limone iko ufukweni mwa Garda upande wa Lombardia, nyuma yake ukuta wa mwamba. Zamani kulikuwa na njia ya mashua au ya mlima tu. Utaona nguzo za mawe zimesimama mistari mistari bila paa. Ni bustani za malimau, majira ya baridi walizifunika kwa mbao na vioo miti isife. Baba yake mtakatifu alikuwa mtunza bustani ya namna hiyo. Nyumba ya kuzaliwa iko juu kidogo ya kijiji, mahali panaitwa Tesöl, wanashirika wenyewe ndio wanaipokea wageni.

Treni haifiki. Shuka Desenzano kwenye reli ya Milano na Venice, kisha meli ya ziwani kuelekea kaskazini, ya polepole na ya kupendeza, au basi. Wahi meli ya asubuhi na uulize ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi kabla hujaondoka gatini.

Na mama, ukiwa Brescia, Concesio iko jirani, basi la mjini tu. Hapo ndipo alipozaliwa Papa Paulo VI, aliyewatangaza watakatifu Mashahidi wa Uganda Oktoba 1964 na kuja Kampala 1969. Papa Yohane XXIII naye ni wa huku, Sotto il Monte, Bergamo.

Mama Parokia

Marahaba mwanangu. Nimeandika yote kwenye daftari la jumuiya.

Fundi Gereji

Nimeelewa ya ZTL. Sasa nina nafasi Novemba, siku tano. Nije?

Mpanda Treni

Novemba uwandani ni ukungu na mvua, majumba mengi ya kifahari ya Como yamefungwa na vivuko vimepunguzwa. Aprili katikati hadi Juni, au Septemba na Oktoba, ndiyo saa yake. Julai na Agosti joto la uwandani lina mvuke na mbu, na karibu na tarehe 15 Agosti mji mzima unahama kwenda baharini. Wiki ya maonyesho ya samani, Aprili, na wiki za mitindo Februari na Septemba, usiulize bei ya chumba Milano.

Kama ni lazima Novemba: Milano, Cremona, Mantova, Bergamo, zote za ndani ya kuta na chini ya paa, na siku ambayo anga imefunguka nenda Bernina, juu kutakuwa na theluji na jua wakati sisi huku chini hatuoni taa ya barabarani. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Kila Alhamisi angalia kama Ijumaa kuna mgomo, maana wanaupenda Ijumaa. Siku ya kazi ikiwa na mgomo, treni za lazima zinatembea saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, orodha yake wanaichapisha. Na pale uwanja wa Duomo, mtu akikusalimia "hakuna matata" huku anakufunga bangili ya uzi mkononi, rudisha mkono mfukoni na uendelee kutembea.